Kifaru cha Bati na Vizibo vya Soda

Barabara itokayo Lilongwe kuelekea kaskazini hupita katika nchi ya mashamba ya mahindi na tumbaku, na msafiri hajachoka bado anapoingia wilaya ya Dowa. Huko ndiko iliko Dzaleka. Katika siku za utawala wa Rais Kamuzu Banda jina hilo lilikuwa jina la gereza la wafungwa wa siasa, na watu walilitaja kwa sauti ya chini. Tangu mwaka 1994 mahali hapo ni makazi ya wakimbizi. Yalikusudiwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, na wengine kutoka Burundi na Rwanda. Apitaye sokoni hukisikia Kiswahili cha Uvira na cha Bukavu kikichanganyika na Kichewa cha wenyeji.

Upande wa jiji, pembezoni mwa Lilongwe, uko mtaa wa Kauma, wenye nyumba za matofali zilizosongamana na njia za vumbi. Kati ya Dzaleka na Kauma pana mwendo wa gari, lakini watoto wa pande zote mbili wana mchezo mmoja, nao huitwa galimoto.

Galimoto ni neno la Kichewa lenye maana ya gari. Hata hivyo mtoto wa Malawi alitajapo aghalabu hulikusudia gari lake mwenyewe, alilolitengeneza kwa mikono yake. Hukusanya waya wa uzio, waya wa kutundikia nguo, njiti za baiskeli, makopo matupu na vizibo. Hukunja na kufunga mpaka umbo la gari likamilike, kisha hulitia fimbo ndefu yenye usukani juu yake, ili aliendeshe akiwa amesimama wima na kukimbia nyuma yake. Usukani huo si pambo. Ukizungushwa, magurudumu ya mbele hufuata. Mtu mzima aliyewahi kujaribu kuiga kazi hiyo hujua kuwa si ya kitoto.

Mtoto wa Kauma hutengeneza anachokiona kila siku, yaani lori, basi dogo la abiria, pikapu ya mfanyabiashara. Kifaru hakioni, maana si chombo kinachopita katika barabara za Lilongwe. Mtoto wa Dzaleka naye hutengeneza lori na basi. Lakini aweza kuwamo mwenye kumbukumbu nyingine, yake mwenyewe au ya kusimuliwa na kaka yake, naye siku moja akaanza kukunja waya ule ule kwa namna ambayo wazazi hawakuitazamia. Hapana usukani. Magurudumu ni mengi mno kwa lori. Mbele umechomoza mrija mrefu.

Hapo ndipo maneno huanza nyumbani.

MAMA ANASEMA NA BABA ANATAZAMA

Mama aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku na mtoto mgongoni hawezi kukitazama kitu hicho kama mchezo. “Mwanangu, hiki ndicho kilichotukimbiza, nawe unakiingiza ndani?” Mtoto hujibu kwamba hiki hakina risasi, mama. Naye mama husema kwamba hata kile kilikuja kimya kabla ya kulia.

Baba aliyewahi kuvaa gwanda huinama, hukitazama kwa muda, kisha husema jambo lisilotarajiwa kabisa: “Magurudumu umeyakosea. La kwanza halikai karibu na la pili namna hiyo.”

Nyumba nyingi za maaskari, popote pale, zinayafahamu mazungumzo ya namna hii, na kila mmoja ana haki ndani yake. Mama ana haki ya kuchukia umbo la kitu kilichoua watu wake. Lakini baba naye amesema neno la kufaa kuliko anavyodhani, kwa sababu mtoto aliyekosea magurudumu anakumbuka kishindo tu, na mtoto aliyeambiwa ahesabu magurudumu atalazimika kukitazama kitu chenyewe. Kumnyang'anya waya hakumwondolei alichokiona. Heri apewe rula.

Tena jambo hili haliwahusu wakimbizi peke yao. Lilongwe ndiko iliko Kambi ya Kamuzu, makao makuu ya Jeshi la Ulinzi la Malawi, na katika mitaa ya jiji hilo zimo familia ambazo baba au kaka amekwenda kulinda amani mashariki ya Kongo. Mwaka 2013, kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kiliundwa kikosi maalumu kilichokuwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mwezi Novemba mwaka 2018, karibu na Beni, askari wa Malawi Chancy Chitete alimwokoa askari mwenzake Mtanzania aliyejeruhiwa chini ya mvua ya risasi, naye mwenyewe akafa. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimpa, baada ya kufa kwake, Nishani ya Kapteni Mbaye Diagne ya ushujaa wa pekee. Kwa hiyo mtoto wa Kauma na mtoto wa Dzaleka, mmoja mwenyeji na mwingine mgeni, wana vita moja katika hadithi za nyumbani kwao, ingawa mmoja huisikia kutoka kwa aliyekwenda na mwingine kutoka kwa aliyekimbia.

MFANO SI MCHEZO TU

Asidhani msomaji kwamba vifaru vya mfano vilizaliwa na wachezaji. Majeshi yenyewe yamevitumia tangu zamani. Afisa anayepanga shambulio huwakusanya makamanda wake mbele ya meza ya mchanga, akachora mito na vilima kwa kidole, akaweka juu yake vipande vidogo vinavyosimama badala ya vifaru na vikosi. Mwaka 1942, Marekani ilipokuwa imeingia katika Vita Kuu ya Pili, jeshi la maji la nchi hiyo liliwaomba wanafunzi wa shule watengeneze ndege za mfano 500,000, kila moja ikiwa ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe. Hazikuwa za kuchezea. Zilitumiwa kuwafundisha askari kuitambua ndege kwa umbo lake, ili wasiitungue ya kwao au kuiacha ya adui ipite.

Mwaka huo huo huko Misri, kabla ya mapigano ya El Alamein ya mwezi Oktoba, Waingereza walifanya jambo ambalo mtoto yeyote wa galimoto angelipenda. Vifaru vya kweli walivifunika kwa turubai lililotengenezwa kwa umbo la lori, na mahali pasipokuwa na vifaru walisimamisha vya uongo vya miti na turubai. Aliyetazama kutoka angani aliona malori yaliyokuwa vifaru, na vifaru visivyokuwa kitu.

Baada ya vita hiyo, kazi ya mifano ikawa ya nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru cha plastiki cha kuunganisha, mfano wa Panther wa Wajerumani, kikiwa kidogo mara 35 kuliko chenyewe. Kipimo cha 35 hakikutokana na hesabu za wataalamu wala na kanuni yoyote. Kilitokana na betri na mota zilizotakiwa kutiwa ndani. Mwili ulikatwa kwa kadiri ya vitu hivyo viingie. Leo kipimo hicho hufuatwa na watengenezaji wa mifano duniani kote, na wengi wao hawajui kwamba wanafuata unene wa betri.

Dzaleka hakuna anayenunua vifaru vya plastiki. Lakini kanuni ya betri yafaa kule pia, kwa maana huko kipimo huanzia kwenye kizibo cha soda.

KIPIMO

Kifaru kinachofaa kutengenezwa na mtu wa Afrika Mashariki na Kati ni T-55. Kiliundwa na Warusi, kikaanza kazi mwaka 1958 kikiwa kimemfuata kaka yake T-54, na Wachina wakaunda cha kwao cha jamaa hiyo hiyo, nacho ni T-59. Jamaa hii huhesabiwa kuwa ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi kuliko vifaru vyote duniani. Majeshi ya serikali ya Kongo yalitumia T-55 katika mapigano ya karibu na Goma mwaka 2013, na kwa hiyo ndicho kifaru ambacho mkimbizi wa Kivu aweza kuwa amekiona kwa macho yake.

Vipimo vyake ni hivi. Urefu pamoja na mzinga ni metre 9. Upana ni metre 3 na sentimita 27. Kimo mpaka juu ya kichwa kinachozunguka ni metre 2 na sentimita 40, yaani ni kifupi. Mtu mrefu akinyoosha mkono anakaribia kukigusa juu. Uzito ni tani 36. Gurudumu moja lina upana wa sentimita 81.

Sasa chukua kizibo cha soda. Kikizungushiwa ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, upana wake huwa sentimita 3 hivi. Sentimita 81 zikigawanywa kwa 3 ni 27. Basi kifaru chote kitakuwa kidogo mara 27. Urefu pamoja na mzinga utakuwa sentimita 33, upana sentimita 12, na kimo karibu sentimita 9. Hesabu hii yatosha mwanafunzi wa darasa la tano, na ndiyo sehemu ya kazi ambayo mzazi asiifanye kwa niaba ya mtoto.

Ukanda wa mpira si wa kuficha meno ya kizibo tu. Magurudumu ya T-55 yenyewe yana mpira ukingoni. Tena kila gurudumu ni sahani mbili zilizosimama bega kwa bega, na meno ya mnyororo hupita katikati yake. Kwa hiyo magurudumu 10, matano kila upande, yanahitaji vizibo 20, viwili viwili, mgongo kwa mgongo, na ufa mdogo kati yake.

Na hapa baba alikuwa amesema kweli. Gurudumu la pili mpaka la tano yamekaribiana, baina yake hapaingii zaidi ya milimita tatu au nne za mfano. Lakini kati ya la kwanza na la pili pana nafasi ya unene wa kidole. Nafasi hiyo ndiyo alama ya T-54, T-55 na T-59. Mtengenezaji akiipanga sawasawa na nyingine amekwisha kukiharibu kifaru chake kabla ya kukata bati, na rangi yoyote haitakisaidia.

MWILI

Bati zuri hutokana na kopo kubwa la mafuta ya kupikia. Lipasuliwe, linyooshwe juu ya ubao kwa nyundo ya mti, na kingo zake zipitishwe tupa mara moja, maana bati lililokatwa hukata vidole kama wembe. Asiye na vifaa vya kulehemu asijali. Aache ndimi ndogo kwenye kila ukingo, azipitishe katika nafasi zilizotobolewa kwa msumari, azikunje kwa ndani. Wahunzi wa taa za mafuta na wa majiko ya mkaa wamefanya hivyo miaka mingi, na majiko yao hayaachani.

Kosa la wengi ni kutengeneza sanduku. Mwili wa kifaru si sanduku. Sehemu ya chini ni nyembamba, imekaa katikati ya minyororo miwili. Juu ya minyororo hupita mabawa ya bati kama madigadi ya baiskeli. Mbele, bamba halikusimama. Limelala nyuma kwa nyuzi 60 kutoka wima. Bamba hilo katika T-55 lina unene wa milimita 100, lakini risasi ijayo moja kwa moja kutoka mbele hulipita kwa mshazari, na kwa ulalo huo hukuta chuma cha milimita 200. Unene unaokutwa na risasi umekuwa maradufu kwa ulalo huo. Mtoto akitaka kuamini, akate mkate wima, kisha akate mwingine kwa mshazari, apime vipande. Hilo ndilo somo ambalo Warusi walilionyesha wazi kwa T-34 yao katika Vita Kuu ya Pili, na wajenzi wengi wa vifaru wakalifuata.

Juu ya bamba hilo kuna ukuta mfupi wa kuzuia maji na matope yasimrukie dereva. Dereva huketi mbele upande wa kushoto, na mlango wake mdogo uko juu yake; kwa hiyo taa za mbele ziko upande wa kulia. Mtu asiyejua huziweka pande zote mbili kama za lori, na hapo kifaru hugeuka galimoto.

Bomba la moshi hutokea kwenye bawa la kushoto, nyuma kidogo. Matangi ya nje ya mafuta hukaa kwenye bawa la kulia. Nyuma kabisa hufungwa mapipa mawili ya mafuta ya akiba, na chini yake gogo la mti. Gogo hilo huwashangaza watoto. Si kuni. Kifaru kikinasa matopeni, gogo hufungwa kwenye minyororo, likaburutwa chini ya tumbo, nacho kikajipandisha juu yake. Katika mfano yatosha kijiti kikavu chenye ganda lake, na mapipa yaweza kukatwa katika bua la mahindi lenye unene wa sentimita 2.

Mnyororo ndio unaowashinda wengi, si kwa ugumu bali kwa wingi. Kila upande una vipande 90 hivi. Hukatwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli wenye upana wa sentimita 2 na kidogo, kisha juu yake hubandikwa vipande vyembamba vya mpira mwingine kwa gundi ya kuzibia pancha, kimoja kimoja, kila kimoja milimita 5. Vipande 180 ni kazi ya jioni nyingi, na ni kazi ambayo watoto wawili au watatu wa nyumba moja waweza kugawana. T-55 haina vigurudumu vidogo vya kuushika mnyororo kwa juu, kama alivyo Sherman wa Kimarekani. Mnyororo hulegea na kulala juu ya magurudumu makubwa, ukashuka kidogo katikati. Ukivutwa ukanyooka kama mkanda wa cherehani, jicho hukataa hata kabla ya akili kujua sababu.

Gurudumu la meno, linalouvuta mnyororo, liko nyuma, kwa kuwa injini iko nyuma. La mbele kabisa halina meno. Kizibo cha soda kina meno 21, nalo gurudumu la T-55 lilikuwa na 13 tangu mwanzo, hivyo hapa kizibo hakifai. Likatwe la bati.

Kichwa ni kama bakuli lililofunikwa. Bati halikubali umbo hilo. Njia iliyo rahisi ni karatasi. Magazeti yakatwe vipande, yalowekwe katika uji mzito wa unga wa muhogo, yapangwe tabaka kwa tabaka juu ya donge la udongo wa kichuguu lililofinyangwa kwa umbo linalotakiwa, yaachwe juani siku mbili. Udongo ukitolewa hubaki ganda gumu na jepesi. Unga wa mahindi wafaa pia, ila hushika kidogo kuliko wa muhogo. Ili kichwa kizunguke, shingo ya chupa ya plastiki hukatwa na kutiwa katika tundu la mwili, na kifuniko chake hubandikwa chini ya kichwa. Mzinga ni tete nyembamba au kipande cha mrija wa mwavuli, utokeze mbele ya mwili kwa sentimita 10 hivi. Karibu na mdomo wake uzungushiwe uzi mpaka unenepe kidogo. Hapo ndipo penye mfuko wa kuzuia moshi wa baruti usirudi ndani kwa askari.

Na usukani je? T-55 haina. Dereva wake ana fimbo mbili. Akivuta ya kushoto, mnyororo wa kushoto hushikwa na ule wa kulia huendelea, kifaru kikageuka. Fundi wa galimoto aweza kuliiga jambo hili kwa kamba mbili zinazopanda kwenye fimbo ya kusukumia, kila moja ikivuta kipande cha ndala kikandamize gurudumu la upande wake. Kifaru kitageuka kwa kusitasita na kwa kuchimba vumbi, ndivyo kigeukavyo hata kile kikubwa.

KIFUNGO CHA SHATI

Baada ya hayo yote hubaki swali la kifungo kimoja. Juu ya kichwa cha T-54 na cha T-59, upande wa kulia mbele, kuna kibonge cha mviringo kama uyoga, nacho ni kifuniko cha feni ya kutolea moshi. T-55 haina. Kifungo cha shati kikibandikwa hapo, kifaru hicho hakiitwi tena T-55.

Msomaji aweza kucheka kwamba kifungo hakina maana. Katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 kilikuwa na maana. Jeshi la Idi Amin lilikuwa na T-55 za Kirusi pamoja na Sherman za zamani. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilikuwa na T-59 za Kichina. Tangu majeshi ya Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 mpaka Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, vilikuwamo uwanjani vifaru vya ukoo mmoja kwa pande zote mbili, vyenye magurudumu matano, nafasi ile ile baada ya la kwanza, na bakuli lile lile juu. Sherman hutambulika hata na mtoto, kwa kuwa ni mrefu kama nyumba, na magurudumu yake ni sita madogo yaliyofungwa mawili mawili. Lakini ndugu hawa wawili huhitaji jicho lililofundishwa, na katika vumbi, jioni, askari hana muda wa kuuliza. Ndiyo maana mafunzo ya kutambua silaha hufanywa kwa picha na mifano, tena na tena, mpaka jicho lijibu lenyewe.

RANGI NA VUMBI

Rangi ya kijani iliyokolea hupatikana kwa kuchanganya masalio ya rangi za milango na madirisha, buluu na manjano, na kidogo nyeusi. Masizi ya sufuria yaliyosagwa na kutiwa gundi ni nyeusi nzuri kuliko ya dukani. Ipakwe nyembamba, mara mbili, kwa kuwa rangi nzito huziba kazi yote ya tupa na msumari.

Kifaru kipya hakipendezi. Kinafanana na kopo lililopakwa rangi, na ndivyo kilivyo. Kinachokifanya kiwe kifaru ni uchakavu. Bomba la moshi lipakwe maji ya kutu, ambayo hupatikana kwa kuloweka misumari mikuukuu katika siki. Mahali askari wanapokanyaga wakipanda pasuguliwe mpaka bati lionekane. Kamba ya chuma ya kuvutia itengenezwe kwa nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, zikisokotwa upya. Kisha huja vumbi, na hapa kila mtu achague nchi yake. Vumbi la Dowa ni jekundu. Likichekechwa kwa kitambaa na kupakwa kwa brashi kavu chini ya mabawa, kifaru huwa kimesafiri Malawi. Lakini kifaru cha Goma hakikutembea katika udongo mwekundu. Nchi ile ni ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021, na vumbi lake ni la kijivu cheusi. Mkaa uliosagwa pamoja na majivu hukaribia rangi hiyo. Mtoto aliyezaliwa Dzaleka hawezi kulijua jambo hilo peke yake. Itambidi amwulize mama.

Na lipo onyo moja ambalo halina mjadala. Watengenezaji wa mifano hupenda kitu cha kweli, na maganda ya risasi ni ya shaba, yanang'aa, na yanafaa kwa mapipa na mirija. Yasiokotwe. Katika nchi iliyopiganiwa, ganda tupu na kitu ambacho hakijalipuka hulala mahali pamoja, na hutofautishwa na fundi wa mabomu tu. Mtoto akileta nyumbani kipande asichokijua, asipigwe wala kuulizwa maswali mengi akiwa amekishika. Akiweke chini taratibu, wote watoke, na polisi waitwe. Afadhali mzinga uwe wa tete.

Kazi inayobaki ni ya mwisho na ndogo kuliko zote. Kifaru kikisimama peke yake juu ya kabati, hakuna ajuaye ukubwa wake. Chaweza kuwa cha metre 9 au cha kiganja. Mafundi wote wa mifano huweka mtu pembeni. Katika kipimo cha 27, mtu wa wastani ana urefu wa sentimita 6 na kidogo, na kifaru humzidi kwa vidole viwili tu. Hukunjwa kwa waya mmoja uliopindwa katikati, miguu miwili, mikono miwili, kichwa cha udongo. Wengi huweka askari. Mtoto wa Dzaleka aweza kuweka mwanamke mwenye furushi kichwani, akikata ukanda wa kitenge cha mama yake kwa ajili ya mgongo, na ndani ya kitenge hicho punje moja ya mtama.